Jicho la Kulia la Mama

4 Februari

Kaka,

Shikamoo. Huku afya ipo, kazi ipo, mvua hakuna. Mwanangu ameanza darasa la pili bila meno mawili ya mbele, kwa hiyo akisoma kwa sauti anayekaa mbele yake analowa. Wifi hajambo? Mwambie kitambaa alichoniagiza nimekipata. Mpe Mama salamu zangu kabla hujasoma zaidi, halafu rudi uketi.

Utashangaa kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu unanichekesha, na nikimaliza kucheka salio limekwisha na jambo halijasemwa. Barua haicheki. Tena ina tarehe. Na simu ya Mama uliipeleka kwa fundi tangu Novemba, sijasikia kama imerudi.

Ile karatasi aliyopewa Mama mwezi wa Desemba, siku jirani yenu mwalimu alipompeleka zahanati ya macho baada ya kutumbukia mtaroni, nimempelekea mpima macho wa hapa dukani kwetu. Unajua mimi nakaa chumba cha nyuma, nasaga lenzi hadi zikae kwenye fremu. Yeye yuko chumba cha mbele na kati yetu pana pazia tu. Aliisoma mara mbili, akavua miwani yake, akaisoma tena. Amesema ni presha ya macho. Haiumi, haiwashi, haitoi machozi. Inakula pembeni polepole mpaka mtu anabaki kuona kama anayechungulia kwenye bomba, na kilicholiwa hakirudi. Jicho la kushoto la Mama limeliwa karibu lote. La kulia bado lina heri, likipasuliwa mapema.

Mpima macho huyu ana rafiki aliyesoma naye, daktari, ambaye anakuja na wenzake kwenye hospitali kubwa ya hapo kwenu kwa wiki moja tu. Wakiondoka hawarudi mpaka mwakani. Ameandika, amepiga simu, amebembeleza, na Mama amepata nafasi. Ni Jumatano tarehe 18 Machi, saa moja asubuhi, jengo la macho, ghorofa ya kwanza.

Kabla ya siku hiyo apimwe sukari na presha ya damu, majibu muende nayo mkononi. Apate dawa ya matone asubuhi na jioni bila kukosa. Na mfike kwa wakati. Pesa ya vipimo, ya dawa na ya teksi nilituma jana, umeiona. Sikuombi kingine.

Mdogo wako


27 Februari

Mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba yetu,

Marahaba, tena marahaba mbili, moja ya akiba. Huku tupo, tunapumua, na hewa bado hawajaanza kutulipisha. Huyo mpwa wangu mwambie asiharakishe meno, mtu akishakuwa nayo anatakiwa kuyatafutia kazi.

Karakana inanguruma. Nimepata kazi kubwa, viti arobaini vya ukumbi wa hoteli, vya kutoa sponji la zamani na kuvalishwa kitambaa kipya. Meneja alikuja mwenyewe, akakalia kochi langu la maonyesho, akafumba macho, akasema hajawahi kukaa namna ile. Nikamwambia basi miaka yote hiyo alikuwa anachuchumaa. Akacheka, akanipa kazi. Nikiimaliza vizuri wana hoteli nyingine mbili.

Kuhusu Mama ondoa shaka. Tarehe nimeiandika ukutani kwa chaki, juu ya meza ya kukatia vitambaa, herufi kubwa hata kipofu ataiona. Dawa tumenunua, kichupa kama kidole, kwa bei ile ungedhani ndani kuna dhahabu. Vipimo ni wiki ijayo, au ile inayofuata. Maabara haina miguu, haitatukimbia. Kiasi kidogo cha pesa ya vipimo nimekizungusha kwenye sponji, hoteli wakitoa malipo ya kwanza kinarudi mahali pake. Usinune. Haraka haraka haina baraka.

Mama anakusalimu. Anauliza kama unakula.

Kaka yako


9 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Wifi hukumtaja.

Ile sentensi ya chaki niliisoma nikiwa nimesimama, ikabidi nitafute stuli. Karakana ambayo mnakung'uta makochi ya watu kutwa nzima, vumbi hadi darini, na wewe umeandika jicho la Mama kwa chaki. Na neno "kipofu" ukaliweka hapo hapo kama kichekesho.

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, Kaka, nakujua. Ulipata nafasi ya chuo cha ufundi bila mtihani, kwa sifa ya mikono yako tu, ukaripoti siku ya tisa ukakuta mwingine amekaa kwenye kiti chako. Cherehani ya umeme niliyokutumia ulisema utaiingiza ndani baadaye kidogo, ikanyeshewa siku mbili. Kibanda cha kona sokoni kilihitaji sahihi yako tu, wala si senti, na leo anauza hapo mtu asiyejua sindano inatungwa uzi upande gani. Mtaani wanakuita Bwana Kesho, na wewe unaitika, unadhani ni jina la mapenzi.

Mikono kama yako sijaiona kwa fundi yeyote. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mtu asiye na kitu akipoteza tunamhurumia.

Miaka yote ulikuwa unapoteza vya kwako, nikanyamaza kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu. Safari hii si cha kwako. Irudishe pesa kwenye vipimo leo, si kesho. Halafu niandikie sukari ngapi, presha ngapi. Haraka haraka haina baraka, sawa, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa hatuongelei tumbo. Ukinijibu kwa methali nyingine nitaichana.

Mdogo wako


30 Machi

Kaka,

Shikamoo.

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu tarehe 18. Simu yako inaita mpaka inakatika. Nimempigia jirani yenu mwalimu, akasema anamwona Mama akikaa barazani kama kawaida. Nikamuuliza kama jicho lina bandeji. Akasema nikuulize wewe.

Nakuuliza.


14 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Niwie radhi kwa ukimya, kazi ya hoteli ilinibana mbavu, nilikuwa nalala juu ya sponji la wateja. Hata hivyo imekwisha na viti vimependeza.

Mama hajambo. Anakula vizuri, juzi alikuwa anaimba. Mambo ya hospitali yamesogezwa mbele kidogo, unawajua hao watu, leo hivi kesho vile. Tutaelezana. Mpwa wangu meno yameota?

Kaka yako


2 Mei

Kaka,

Shikamoo ya leo sina.

Jumatatu mpima macho alifungua pazia, akaweka barua kwenye meza yangu ya kazi katikati ya lenzi, akarudi kwake. Ni ya yule rafiki yake daktari. Kitanda namba tisa kilitandikwa saa kumi na mbili asubuhi. Wakamngoja Mama hadi saa nne, ndipo wakampa mzee mmoja aliyekuwa amelala koridoni siku tatu akiomba Mungu mtu mmoja asitokee. Mama alifika saa nane na nusu mchana, bila majibu ya vipimo, akiwa na mwanaume mwenye vipande vya sponji kwenye nywele.

Jioni mpima macho aliniuliza kwa upole kama familia yetu ilikuwa na msiba siku ile. Nilitamani kusema ndiyo.

Uliniandikia kwamba imesogezwa mbele. Hakuna aliyeisogeza. Uliiacha ikapita mlangoni kwako na wewe unaitazama. Halafu ukaniuliza habari za meno.

Nataka kujua siku ile ilikwendaje, saa kwa saa, na uandike mwenyewe. Ukinidanganya tena, hii itakuwa barua ya mwisho kati yangu na wewe hadi siku ya kumzika mmoja wetu.


25 Mei

Mdogo wangu,

Salamu ambayo hukuitoa sitaiitikia.

Umetaka saa kwa saa. Haya.

Chaki ilifutika, kama ulivyosema. Sijui ilifutika lini. Tarehe 17 jioni ni Mama aliyeniuliza, "Ni kesho, si ndiyo?" Nikasema ndiyo, kana kwamba nilikuwa najua. Nikakimbia maabara, wamefunga. Nikajisemea kwamba asubuhi tutapitia pale kwanza, wanafungua saa moja, tutachelewa kidogo, na hospitali gani isiyo na foleni.

Asubuhi Mama alikuwa ameshaoga saa kumi na moja. Gauni la bluu, begi miguuni, ndani shuka, kikombe na ndala. Saa kumi na mbili meneja wa hoteli akapiga simu. Viti kumi na viwili vya mwisho vifike sasa hivi, wageni wanaingia saa nne, la sivyo nihesabu kazi yote nimefanya bure. Nikamwambia Mama, "Dakika kumi, nashusha viti narudi." Akasema, "Haya."

Nilivishusha. Meneja akakuta kimoja kitambaa kimegeuzwa ndani nje. Nikakaa sakafuni pale ukumbini, nikafumua, nikaanza kushona upya kwa mkono. Kilipokwisha nikaona na cha jirani yake mshono hauko sawa, nikakifumua nacho, ingawa hakuna aliyeniambia. Kila nikitazama saa ya ukutani naona bado muda upo. Sikusahau, mdogo wangu. Laiti ningesahau. Nilikuwa najua ni saa ngapi, ila kwangu mimi saa haina makali, haijawahi kuwa nayo. Wengine inawakata, mimi inanipapasa.

Nilirudi saa saba. Mama alikuwa palepale, begi miguuni. Hakuwa amekula kwa kuwa hakujua kama anaruhusiwa. Kwenye teksi aliniuliza kitu kimoja tu, kama viti vilipendeza. Hospitali muuguzi alituambia kitanda kimekwenda, na Mama akamshukuru, akampa mkono.

Na dawa je, najua utauliza. Kichupa kiliisha siku mbili baadaye. Sikununua kingine mpaka juma lililopita. Sasa Mama anashika ukuta akienda bafuni.

Wifi yako umemuulizia mara mbili. Aliondoka Januari. Alisema amechoka kuwa kalenda ya mtu mzima. Sikukwambia kwa kuwa nilijua utakachosema, kwamba amechelewa kuondoka.

Nimemaliza ya kwangu. Sasa tuje kwako.

Miaka miwili iliyopita Mama alinikalisha mezani nimwandikie barua kwako. Maneno nayakumbuka kwa sababu mkono ulioyaandika ni huu. "Mwanangu wa miwani, siku hizi naona katikati tu, pembeni kuna giza, nagonga milango. Muulize huyo mpimaji wenu ni kitu gani." Jibu lako lilichukua wiki kumi. Lilikuja na miwani ndani ya kasha la plastiki, na mistari minne. Ni uzee, Mama, vaa hii, utazoea.

Hukumuuliza. Kati yako na yeye pana pazia tu, umeniandikia mwenyewe. Mama aliivaa ile miwani mwaka mzima, akigonga milango nayo usoni, na kila mgeni akiingia anamwambia, "Hii alinitumia binti yangu, anafanya kazi ya macho."

Na tarehe 18 ilikuwa yako pia. Miaka minne hujakanyaga hapa. Unatuma pesa na maagizo, halafu unakaa mbali unasubiri tukosee.

Mimi ni Bwana Kesho, sikatai. Wewe huko kwenu wanakuitaje?


11 Julai

Kaka,

Barua yako ilinifikia tarehe tatu Juni.

Kuhusu miwani sina la kukujibu.

Hospitali ya huku imekubali kumpasua Mama mwezi wa nane. Matofali niliyokuwa nimeyanunua kwa ajili ya nyumba yangu nimeyauza, na likizo za miaka miwili nimeziunganisha. Nitafika Jumamosi tarehe 25 na Jumapili mchana nitaondoka naye. Nguo zake ziwe zimefuliwa na kufungwa. Karatasi zote za hospitali ziwe ndani ya bahasha moja. Usinipikie. Usinieleze chochote, umeshaeleza.


9 Agosti

Mdogo wangu,

Habari za safari. Natumaini Mama hakuchoka sana, yeye garini hulala mdomo wazi na kuamka akikataa kwamba alilala.

Ulikaa kwetu siku moja na nusu. Maneno uliyoniambia ni kumi na moja, nimeyahesabu, na matatu kati ya hayo ni "karatasi ziko wapi". Nilikuona ulipomwongoza Mama mlangoni, akainua mguu juu kupanda ngazi ambayo haipo, na wewe ukageuza uso ukutani. Ningesema kitu, ungenitemea mate.

Nyumba imekuwa kubwa. Mama alikuwa na mazoea ya kupita karakana kila asubuhi na kugusa kila kiti mgongoni, akinitajia kasoro. Hiki kina donge. Hiki umekikaza upande. Macho yakiwa hayaoni, vidole viliona. Siku hizi kasoro natafuta mwenyewe, na sizipati.

Hoteli zile mbili hazikunipigia. Nilipokwenda kuuliza, meneja aliniambia viti ni vizuri, hana tatizo na viti. Kwa hiyo hesabu ndiyo hiyo, nilimwacha Mama kwa ajili ya viti, na viti navyo vikaniacha.

Hasira zako ni haki yako, kaa nazo. Lakini usiniadhibu kwa kumtumia yeye. Wakishampasua niandikie neno moja tu, jicho limeokoka au halikuokoka. Sitajibu ukitaka nisijibu.

Kaka yako


22 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Mwanangu meno yameota, yote mawili yamepinda. Mama anakusalimu.

Alipasuliwa tarehe 27 Agosti. Limeokoka. Jicho la kulia litabaki pale lilipo, dawa ikifuatwa. Anachokiona ni kama mdomo wa kikombe ukikinyoosha kwa mkono mbele yako. Akinitazama anaona uso, mabega haoni. La kushoto halioni hata taa.

Kabla hatujaruhusiwa nilimfuata daktari ofisini, Mama hayupo, nikamuuliza kama angepasuliwa Machi kingebaki nini. Akachukua karatasi akachora duara, ukubwa wa kisahani cha chai. Nilinyoosha mkono kuichukua. Nakwambia ukweli, nilitaka kuitia kwenye bahasha nikutumie bila neno, uibandike pale ulipoandika kwa chaki. Lakini alikuwa bado ameshika kalamu. Akaniuliza dalili zilianza lini. Nikamwambia miaka miwili, na zaidi kidogo. Akaanza kuchora duara jingine, likaenda likafika ukingoni mwa karatasi, likatoka, akaendelea kulichora kwa kidole juu ya meza. Kisha akanitazama. Nikamwambia mimi ni msaga lenzi. Sijui kwa nini nilimwambia, hakuwa ameuliza.

Siku nilipopata ile barua ya Mama nilikuwa na lenzi sitini za kumaliza. Niliiweka chini ya boksi la fremu niisome vizuri baadaye. Nikaikuta wiki kumi mbele nilipolisogeza boksi. Niliona haya kuchelewa, nikatuma miwani haraka ili nionekane nimejibu. Mpima macho alikuwa anakunywa chai, namsikia kabisa anavyokoroga sukari.

Hilo ndilo jibu lako, usinitake nilirudie. Wala usidhani duara langu limefuta lako. Yote mawili yalikuwa jicho la mtu mmoja.

Sasa sikiliza. Mama anataka kurudi kwako. Nimebishana naye wiki mbili. Nina vyumba viwili ghorofa ya tatu, natoka alfajiri narudi giza limeingia, mtoto yuko shule, na yeye anakaa kitandani kutwa akisikiliza watu wa ngazini. Ameungua mkono mara mbili kwenye jiko langu. Anasema nyumba yenu anaijua kwa vidole. Nikamwambia, "Mama, huyo ndiye aliyekukosesha jicho."

Akasema, "Najua nani kanikosesha nini. Nimewazaa wote wawili, sihitaji kukumbushwa."

Kisha akaomba nimkatie kucha, na mimi nikazikata.

Ningekuwa na njia nyingine nisingekupa. Nataka ulijue hilo wakati unampokea. Sasa nakuamini kidogo kuliko nilivyokuamini Machi. Tone moja saa moja asubuhi, tone moja saa moja jioni, jicho la kulia, mpaka siku atakayofumba macho. Akikosa siku chache presha inapanda, na daktari amesema hakuna tena pa kupasua. Vichupa vinne nimeviweka kwenye begi lake, kila kimoja kinakwenda mwezi.

Mfanyakazi mwenzetu, yule dada wa kaunta, anasafiri upande huo, atakuwa naye njiani. Basi linafika kwenu Jumamosi tarehe 3 Oktoba, saa tisa alasiri. Huyo dada hataweza kumngoja mtu, ana basi lingine la kuunganisha hapohapo. Usipokuwepo Mama atabaki stendi peke yake, mahali ambapo hakuna ukuta anaoujua.

Mdogo wako


4 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama amefika salama. Amelala vizuri na asubuhi amekunywa chai vikombe viwili. Meno yakipinda ni ya ukoo, angalia ya kwangu.

Nilifika stendi saa sita mchana. Sikutaka kubahatisha. Nilikuwa nimenyoa, nimepiga shati pasi, nimefunga karakana na mteja mmoja akiwa amesimama mlangoni ananitukana. Basi lilichelewa, likaingia saa kumi kasorobo. Wakati wote huo sikukaa, nilihofu nikikaa nitaanza kuongea na mtu.

Mlango ukafunguliwa. Yule dada akamshusha Mama, akamwekea begi chini, akamwambia jambo sikioni, akakimbilia basi lake. Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka alipo, upande wake wa kushoto. Nilikuwa natabasamu. Nikangoja anione.

Akageuza kichwa kulia, taratibu. Watu walikuwa wanapita na mizigo, naye anapokea uso mmoja mmoja, anauangalia, anauacha. Akageuka nyuma. Akageuka tena mbele, macho yake yakapita juu ya kifua changu, yakapita tu, kama yanavyopita juu ya nguzo. Halafu akasema, si kwa hasira, wala si kwa mtu yeyote, kama unavyotaja hali ya hewa, "Hajafika."

Sijui nilisimama muda gani, nadhani si mrefu, lakini kwa mara ya kwanza nilisikia saa inavyokata. Nilikuwa nimefika, mdogo wangu. Nilikuwepo. Akainama kulitafuta begi kwa mkono, akagusa kiatu changu, akapanda na vidole hadi kwenye suruali, akafika magotini, akasimama. Akaniuliza, "Uko hapa tangu lini?"

Nikasema tangu saa sita.

Akasema, "Mbona hukuniita?"

Nilimshika mkono tukatoka. Njiani alinikanyaga mara mbili, akaniomba radhi mara mbili, kama anavyoomba kwa watu asiowajua.

Sikuandikii ili unisamehe. Usinisamehe, bado. Nimekuandikia kwa kuwa hakuna mwingine ambaye nikimwambia hayo ataelewa nilichokiona, na najua utaelewa na utaumia, na sitasema uongo kwamba sitaki uumie.

Tone la jana jioni liliingia. La leo asubuhi limeingia. Sasa ni saa moja kasoro dakika kumi, Mama ameshakaa kwenye kiti ameinua uso juu, ananingoja. Naishia hapa.